Muchumba wangu aliniambia nichague almasi, kumbe ilishachaguliwa

Dada mumoja wa muji wa Baraka ametuandikia na ameomba jina lake lisionekane. Majina yote yamebadilishwa. Musome mpaka mwisho, kisha mumujibu kwa upole.

Jambo kwenu wote. Mi ni binti wa miaka ishirini na saba, niko mushonaji hapa Baraka, lakini kwetu kabisa ni Swima. Sijaolewa. Kila asubuhi nafungua atelye yangu karibu na soko, nashona magauni ya bamama, na siku hizi nashona nikilia. Bateja banafikiri ni vumbi ya vitambaa.

Yaya yangu, dada yangu mukubwa, tumuite Riziki, alifariki mwaka juzi. Ugonjwa ulimupiga gafula. Tulimupeleka hospitali ya Nundu akiwa bado anaongea, tukarudi naye Swima akiwa amefunikwa. Alikuwa amechumbiwa na kijana mumoja, tumuite Asukulu, mwenye alikulia ndani ya kambi ya bakimbizi Tanzania na sasa anaishi Canada. Asukulu alikuja kwenye maziko. Alilia mpaka bazee bakamushika mikono asianguke ndani ya kaburi.

Kisha akarudi kule, akaendelea kutupigia simu. Kwanza mama, halafu mi. Tulikuwa tunaongea juu ya Riziki tu. Siku moja akasema ananipenda. Nilikataa. Familia yake ikashuka kutoka Fizi, ikakaa na ya kwetu, bakasema huyu kijana ni mutu muzuri, kwa nini aende kuoa kwa batu bengine? Na mi, sitabadanganya, moyo wangu ulikuwa ulishaanza kumupenda. Nikakubali.

Akaniambia: "Jiwe la pete nataka uchague wewe mwenyewe." Akanitumia mapicha ya almasi za mutindo wa zamani, zile zilikuwa zinachongwa kwa mukono. Hazimetameti kwa nguvu kama za sasa, mwangaza wake unatulia ndani kama wa mushumaa. Kulikuwa moja ya duara, moja ya umbo la mto wa kulalia, pembe zake zimelainishwa, na ingine bapa chini, juu imechongwa kama waridi lenye halijafunguka. Nilifurahi kama mutoto! Nilikata vikaratasi kwa makasi, saizi mbalimbali, nikaviweka kidoleni kimoja kimoja. Vidole vyangu ni vifupi na vyembamba, kikaratasi kikubwa kilikimeza kidole chote. Tena mi nashona, jiwe lenye kusimama juu litanasa nyuzi za vitambaa kila saa. Nikachagua ile ya waridi, ndogo kama punje ya mahindi, inalala karibu na ngozi.

Asukulu akauliza: "Na ile ya mto?"

"Ni kubwa. Haitanikaa."

"Chukua ile ya mto. Itakupendeza, mi najua."

Kila nikirudi kwa ya waridi, ananirudisha kwa ya mto. Nikapima kidole kwa uzi, nikamutumia kipimo. Akasema uzi wangu unadanganya, kidole changu lazima kiko kinene kuliko vile. Nikacheka. Nikafikiri ni mambo ya banaume kupenda kitu kikubwa. Mwisho nikasema sawa, ikuwe ya mto.

Pete ililetwa na musafiri mwenye alipitia Uvira. Niliivaa mbele ya mama. Ikazunguka kidoleni, jiwe likaanguka upande wa kiganja. Mama akakaa chini polepole.

"Kumbe aliileta," akasema.

"Alileta nini, mama?"

"Hii, Riziki alinionyesha picha yake kabla ya kugonjwa. Alisema, mama, angalia, nimechagua ile ya mto."

Riziki alikuwa na mikono mikubwa, mizuri, vidole vyenye nguvu.

Nikamupigia Asukulu palepale. Hakukana. Alisema: "Fundi alikuwa ameshaimaliza. Nilimuahidi Riziki ataivaa."

"Na mi uliniambia nichague!"

"Nilitaka uchague ile. Nilifikiri ukiichagua mwenyewe, itakuwa kama..."

Tangu siku ile sina amani. Mama amezungushia pete uzi ndani ili inikaze. Ananiita Riziki na hajirekebishi tena. Kanisani shangazi mumoja alinishika mukono, akaangalia lile jiwe, akaniambia masikioni, "Mutoto wetu amerudi." Nikikaa kwa mashine, najikuta nimeinamisha kichwa upande wa kushoto, vile Riziki alikuwa anakaa. Nikinawa mikono naiangalia kama ni ya mutu mwingine. Na kibaya kabisa ni hiki: nikiivua ile pete, nasikia kama nimemuzika tena mi peke yangu.

Juma lililopita nilimuuliza Asukulu: "Nikikurudishia hii, ukanitafutia ile ndogo ya waridi, utanioa?"

Akauliza, bila hasira, kama mutu mwenye hajui kweli: "Sasa hii nani ataivaa?"

Bazee bake batashuka kutoka Fizi mwezi ujao kuleta mahari. Mama ameshatafuta vitenge vya sherehe, na anaimba jikoni, kitu hakufanya tangu maziko. Asukulu ni mutu wa huruma, hajawahi kunitukana, nampenda. Lakini akiniangalia kwenye simu, macho yake yanapita, yanatafuta mutu nyuma yangu, na mi pia nimeanza kugeuka kuangalia.

Ninyi wenye mulishaolewa, ninyi wenye mulishafiwa, munishauri kama mutoto wenu. Nikienda kule kwake, atakuwa ameoa mi, ao Riziki? Na nikikataa, nitamuambia mama nini? Nifanye nini?