Tatu moja iliyozidi ubaoni

Leo nimelichekesha darasa langu kwa 17. Natamani nisingelifundisha somo hili.

Nimeandika 31. Namba tasa, haigawanyiki.
331? Tasa.
3331? Tasa.
Kila nikiongeza 3 mwanzoni, darasa zima: "Tasa!"
Mpaka 33333331, bado tasa.

Nikaongeza 3 moja tu.
"Tasaaa!"
Wapi! Hiyo inagawanyika kwa 17.
Wakacheka, nami nikajiona fundi.

Mwanahawa hakucheka.
"Mwalimu, hata baba alihesabu hivyohivyo. Kila mwaka mafuriko yaliishia chini ya dungu letu la kulindia mpunga. Akasema na mwaka huu yataishia hapohapo, akalala huko juu."

Baba yake tulimzika maji yalipopungua.

Nikaifuta ile 3 iliyozidi.
Jamani, nyie mngemjibu nini?