Ubeti wa Tatu wa Mwalimu Rudia

Mwalimu wa kwaya ya parokia alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na neno moja tu la kusifia na la kukaripia: rudia. Sauti ya kwanza ikipaa kupita kiasi, rudia. Ikiimba vizuri hadi mtu anasisimka, rudia, tuhakikishe si bahati. Mkewe husema kwamba hata siku alipoposwa, alijibu ndiyo na mwanamume akamwambia rudia. Mama huyo akisimulia hutia chumvi, lakini jina la Mwalimu Rudia lilikwisha kuganda, na lile la ubatizo likabaki kwenye cheti.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ya kukatia, pasi nzito, cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kunyofolewa vipuri. Nyimbo alizitungia hapohapo, futi ikining'inia shingoni, na nota aliziandika nyuma ya karatasi za khaki alizokatia vielelezo vya nguo. Wimbo wa Utukufu uliishi nyuma ya mguu wa suruali ya mtu. Ule wa Mwanakondoo ulikuwa kwenye mkono wa koti. Wanakwaya walizoea kugeuza karatasi kwanza, wajue wameshika wimbo au wameshika kola.

Ukutani pa chumba cha mazoezi alibandika sheria yake: ASIYEFANYA MAZOEZI HAIMBI. Hakuwa na mchezo nayo. Mkewe mwenyewe, tegemeo la sauti ya pili, aliwahi kurudishwa kwenye viti vya waumini kwa kosa la kumuuguza mama mkwe, yaani mama yake Mwalimu. Wiki nzima fundi alikula chakula kisicho na chumvi, na sheria haikubanduliwa.

Miongoni mwa sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, alikuwapo mlinzi mmoja waliyemwita Ngurumo. Alikuwa mwembamba, mpole, asiyesema mpaka aulizwe, ila akifumba macho na kuimba, vioo vya madirisha vilitetemeka. Jina lake la kweli liliandikwa daftarini siku aliyojiunga, kisha hakuna aliyelitafuta tena. Jumamosi na Jumapili mlinzi wa lango la jirani alimshikia zamu kwa saa mbili, naye akaja mbio, akalivaa joho la kwaya juu ya suruali ya kazi.

Siku moja alileta suruali hiyo ipunguzwe kiuno. Mwalimu akampima, akatazama futi, akampima tena.

"Mbona unapungua hivi? Huli?"

"Nakula, Mwalimu. Ni kusimama."

"Siku yako ya kupumzika ni lini?"

Ngurumo alicheka kidogo. "Mimi sina siku, nina zamu. Huu ni mwezi wa nane sijapumzika. Mtoto wangu mdogo ananiita mjomba, kwa sababu mjomba wake ndiye anayeshinda nyumbani."

Alilisema kama kichekesho, na Mwalimu akacheka naye. Alipoondoka, fundi akaacha kucheka. Wakati huo alikuwa anatunga wimbo wa shukrani wa jubilei, parokia ikitimiza miaka hamsini, Baba Askofu mwenyewe akiwa mgeni. Beti mbili zilikwisha kamilika, za jua na mvua na wema wa Mungu. Akakigeuza kielelezo cha suruali ile, akaandika ubeti wa tatu bila kufuta hata neno moja:

*Anayelinda mlango wa mwenzake,*
*naye apate siku ya nyumba yake.*

Kila ubeti ulianzwa na sauti ya nne peke yake, kisha wengine wakaupokea mstari wa pili. Walijifunza wiki tano. Ngurumo aliimba ubeti wa tatu kama zile mbili za kwanza, bila kuonyesha kwamba ameutambua. Labda hakuutambua.

Siku ya Ijumaa, sherehe ikiwa Jumapili, mwenyekiti wa halmashauri ya parokia aliingia dukani. Huyu ndiye aliyekuwa na kampuni ya ulinzi, ile iliyomwajiri Ngurumo. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Kinanda kipya cha kanisa alikileta yeye, na gari lake lilikwisha kuwafikisha hospitali wagonjwa wengi wa mtaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasifu wimbo aliousikia mazoezini, akauliza habari za mama, akakohoa.

"Sasa Mwalimu, huu ubeti wa tatu."

"Una kasoro, Mwenyekiti?"

"Nota sizijui mimi. Ni maneno. Siku ya sherehe, mbele ya Baba Askofu, watu watageuka kunitazama."

"Lakini sikukutaja."

"Hapo ndipo penye shida. Hukunitaja, na bado nimejiona."

Mwalimu alikifikiria kinanda, akamfikiria Askofu, akawafikiria wanakwaya waliojishonea majoho mapya. Akasema sawa, wimbo utaishia ubeti wa pili. Mwenyekiti akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akaenda zake.

"Kwa hiyo umeukunja kama pindo," mkewe alisema kutoka mlango wa nyuma.

"Nimeufupisha tu, mama."

"Suruali ikifupishwa, vifundo vya miguu vinaonekana. Haya, huo wimbo utaonyesha nini?"

Mwalimu aliona aibu, na aibu ile alikwenda nayo mazoezini Jumamosi, akawatangazia wanakwaya kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye karatasi: baada ya ubeti wa pili tunaimba kiitikio, tunamaliza. Hakuna aliyeuliza sababu. Ngurumo hakuwapo, maana mlinzi wa lango la jirani alikuwa ameugua na hakukuwa na wa kumshikia.

Kwa sheria ya ukutani, asingeimba. Lakini wenzake wote wawili wa sauti ya nne walikuwa wamekaukiwa na sauti kwa mafua, na Baba Askofu hawezi kupokelewa kwa kikohozi. Mwalimu akasema Ngurumo aimbe tu.

"Kumbe hata sheria ina pindo," mkewe akanong'ona, nao wa sauti ya pili wakaangua kicheko.

Jumapili kanisa lilijaa hadi ngazini. Ngurumo alifika Askofu akiwa anamaliza kukomunisha, anahema, anafunga vifungo vya joho huku wimbo wa shukrani unaanza. Nafasi ya kumwambia lolote haikupatikana. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri, na wa pili ukapita vizuri zaidi. Kiitikio kikaimbwa, Mwalimu akafunga mkono hewani, kwaya yote ikanyamaza pamoja. Paroko akatabasamu.

Ndipo Ngurumo, macho ameyafumba, akaanza ubeti wa tatu.

*Anayelinda mlango wa mwenzake…*

Hakuna aliyeupokea. Mstari ulitembea peke yake hadi ukuta wa nyuma, ukafa. Ngurumo akafumbua macho, akawaona wenzake wamefunga midomo, akajua amekosea, na uso ukamshuka. Mwenyekiti, kiti cha mbele, alitazama viatu vyake.

Mwalimu alikuwa na mkono juu. Alijua ishara ya kumwambia mtu akae kimya, alikuwa ameitumia miaka ishirini na miwili. Akamtazama yule mtu mwembamba ndani ya joho pana, anayetetemeka kwa kosa lisilo lake, akajionea aibu kuliko siku zote. Akapiga moyo konde.

"Rudia," akasema.

Ngurumo hakuelewa. Mwalimu akamwashiria kwa kichwa, taratibu, kama anavyomhimiza mtoto. "Rudia, bwana."

Akarudia. Sauti ya pili ikaupokea mstari kabla hata ya mkono wa Mwalimu kushuka, na sote tunajua ni nani aliyewaongoza. Mistari ilikuwa miwili tu, myepesi, na mara ya tatu waumini walikwisha kuishika. Waliopaza sauti zaidi walikuwa nyuma, wale wanaokaa karibu na mlango ili wawahi kazini.

Misa ilipokwisha, Mwenyekiti alimngoja Mwalimu chini ya ngazi.

"Tulikubaliana," alisema, bila ukali.

"Tulikubaliana. Aliyekosea ni mimi, yule hakuambiwa lolote. Usimguse."

"Nimguse kwa nini? Hata simjui. Ila ana sauti! Mmemtoa wapi?"

Mwalimu alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Kwako," akamjibu. "Analinda lango lako, Mwenyekiti. Mwezi wa nane huu, bila siku ya kupumzika."

Mwenyekiti akaelekea garini.

Wiki ile Mwalimu alishona vibaya. Alitoboa kidole, akaweka mfuko wa shati upande wa kulia. Alihofia kwamba mdomo wake mwenyewe umemwaga unga wa Ngurumo. Jumamosi alifika mazoezini mapema kuliko kawaida, akakuta mtu amekaa tayari kwenye benchi la sauti ya nne. Alikuwa na shati la nyumbani, na joho amelikunja mapajani.

"Samahani, Mwalimu, niliondoka nalo hili joho," Ngurumo alisema. "Jumapili nilikimbia kuwahi lango, nikasahau kulivua. Mwenyekiti akaja, nikamfungulia nikiwa nimelivaa."

"Ehe?"

"Akasimamisha gari, akashusha kioo. Akaniuliza jina langu."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia. Kwa woga, chinichini." Ngurumo alilaza kiganja juu ya joho. "Akaniambia, rudia."

Mwalimu akaketi kando yake. "Na zamu ya leo umemwachia nani?"

"Leo si zamu, Mwalimu. Leo ni siku yangu."