Chuma Namba Saba kwenye Nyasi za Mama

Kwetu Mbololo ua haupandwi nyasi. Ua unafagiwa. Asubuhi unaona michirizi ya ufagio kwenye udongo mwekundu, na kama nyoka alipita, njia yake utaiona kabla hujanywa chai. Kwa hivyo siku mama alipokuja na vikonyo vya nyasi amevifunga kwenye leso iliyolowa, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Sasa unataka kufuga nyoka ama mbuzi?" jirani wa upande wa chini akamuuliza.

"Nataka kufuga miguu yangu," mama akamjibu.

Mama hufua mashuka kwenye nyumba ya wageni mjini Voi. Mbele ya ile nyumba kuna bustani, na mtunza bustani akikata nyasi zilizotambaa nje ya mstari, anazitupa jalalani. Mama alikuwa amewaona wageni wakivua viatu na kuzikanyaga huku wamefumba macho. Akazitoa jalalani, akazipanda kikonyo kimoja kimoja mbele ya nyumba yetu. Akawa anazinywesha maji ya kuoshea vyombo, maji ya kuoshea mchele, hata maji niliyonawia uso. Mfereji wetu hutoa maji ukijisikia. Kiangazi kile tulikuwa tunapandisha mitungi kutoka kwenye kioski cha maji, na mama ana goti la kushoto ambalo likiona mlima linaanza kulalamika. Nyasi hazikujua habari za goti. Zilikunywa tu, zikatambaa, zikashikana, mpaka zikawa mkeka wa kijani unaotosha akina mama wote wa jumuiya. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake. Zamu yake ya kukaribisha jumuiya ilikuwa inakuja mwezi wa nane, na alishawaambia kanisani: safari hii hakuna mabenchi ya kuazima, mtavua viatu mkae chini.

Mimi nilikuwa na ndoto yangu, na hizo ndoto mbili zilikuja kukutana pale pale uani.

Shule niliachia kidato cha pili. Tangu hapo nimekuwa kedi, yaani nabeba mabegi ya wachezaji wa gofu kwenye kiwanja kidogo pembeni mwa mashamba ya mkonge. Usifikirie vile viwanja vya kwenye televisheni. Cha kwetu ni vumbi, mawe na miiba, na kuzunguka shimo wamemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiubebe. Kwa vile nyasi hakuna, kila mchezaji anatembea na kipande cha kapeti. Mpira ukianguka popote unauokota, unatandika kapeti lako, unauweka juu yake kama mtoto wa mfalme, halafu ndio unapiga.

Jumatatu makedi tunaruhusiwa kucheza. Nilikuwa na fimbo moja tu, chuma namba saba, niliyoachiwa na mzee mmoja aliyehama. Nilipiga nayo kila kitu, mbali na karibu. Kichwani nilishashinda makombe ya nchi ambazo hata siwezi kuzionyesha kwenye ramani, na salamu za kumtumia mama kupitia televisheni nilishazipanga.

Halafu akaja kocha kutoka Mombasa kututazama. Alinitazama kwa muda mrefu, mikono mfukoni.

"Dada, una nguvu. Lakini unachota."

"Nachota?"

"Unachota. Kama mtu na upawa kwenye sufuria ya uji."

Akanieleza. Kapeti linakudanganya, alisema. Juu ya kapeti unaweza kupitisha chuma chini ya mpira ukaubeba, na ukaona umefanya kazi. Kumbe mwili umelala nyuma, mikono imebaki nyuma, vifundo vya mikono vimekunjuka mapema, mpira unapanda juu kama moshi na kuanguka hapo karibu. Akanishika mikono, akaipeleka mbele ya mpira, upande wa paja la kushoto, mpini ukainama kuelekea kule ninakopiga.

"Hapa ndipo uwe wakati chuma kinagusa mpira. Mikono imefika kabla ya kichwa cha fimbo. Uzito umeshahamia mguu wa kushoto. Chuma kinashuka, hakipandi. Mpira kwanza, halafu ardhi, mbele kidogo ya pale mpira ulipokaa. Ukifanya sawasawa, tonge litaruka."

Tonge ndilo jina tunalolipa lile bonge la nyasi na udongo ambalo chuma hung'oa. Kwetu halikuwa likiruka kwa sababu hapakuwa na cha kuruka.

"Mwezi wa nane tunachagua vijana wa kukaa kule kwetu tuwafundishe," akaniambia akiondoka. "Njoo. Lakini ujue kule hakuna kapeti."

Nilirudi nyumbani naimba. Kesho yake nikaanza mazoezi kando ya barabara ya murramu, mikono mbele, uzito kushoto. Chuma kikashuka kikakutana na jiwe. Cheche zikaruka. Baada ya siku chache nilikuwa nashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama bibi kizee, na mama alikuwa ananiangalia tu juu ya kikombe chake.

"Si hapo nje pana nyasi?" akasema.

"Hapo wapi?"

"Kwani tuna uwanja mwingine?"

Nikakataa. Nikamwambia nitatafuta mahali. Akauliza wapi, na kweli kutoka kwetu mpaka mjini, kiangazi kile, kijani kilikuwa ni rangi ya matangi ya maji peke yake.

Basi nikatoka nje. Nikaweka mpira kwenye nyasi za mama, nikalenga shamba lililovunwa huko chini. Nikainua fimbo vizuri, nikageuka vizuri, nikashuka, na pale pale kwenye mpira mikono ikakataa. Vifundo vikakunjuka, chuma kikapanda, mpira ukaenda juu kama moshi. Nikarudia. Vile vile. Jioni nzima nilikuwa nachota tu. Kocha angedhani naogopa ardhi. Mimi ardhi sikuiogopa. Niliionea huruma. Kila nikitazama chini ya mpira naona maji ya mchele, naona goti la mama likipanda kilima.

Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua maharagwe.

"Mbona unaruka nyasi zangu kama mtu anayeruka mtoto aliyelala?"

"Ni zako, mama."

"Nimekwambia ni za nani? Si ndio nimekupa?"

"Na jumuiya je? Watu umeshawaambia wavue viatu."

Aliweka ungo chini, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na jembe. Nikadhani anaenda kupalilia. Akaja mpaka katikati ya nyasi, pale zilipokuwa nene kabisa, akalinyanyua jembe akalishusha. Mara moja tu. Bonge likang'oka, mizizi myeupe ikaning'inia.

"Haya," akasema, anahema. "Zimeshaharibika, na si wewe uliyeharibu. Sasa piga, mama."

Mimi nina jina la mama yake, kwa hivyo akitaka nisikie huniita mama. Akiniita hivyo siwezi kubisha.

Nikaweka mpira kando ya lile shimo. Nikapiga. Mikono ikatangulia, mguu wa kushoto ukapokea mwili mzima, nyonga ikafunguka kabla sijaiambia, na nikasikia sauti mbili zilizofuatana: ta, halafu pu. Mpira ulitoka chini chini kwanza, kama umekasirika, ukapanda baadaye, ukaenda ukapita mabua yote ya mtama ya lile shamba. Sikuwa nimewahi kupiga hivyo. Niliruka, nikapiga kelele, nikamkumbatia. Nikiwa bado nimemkumbatia nikaliona tonge langu limeangukia kwenye ngazi, limepinduka, mizizi juu.

Tangu siku hiyo, kila jioni nilipiga. Mama akirudi kutoka kazini ananikuta, anakaa kwenye kizingiti, na kila tonge likiruka anainuka kulifuata. Analirudisha kwenye shimo lake, analikandamiza kwa kisigino, analimwagia maji ya vyombo. Nikamwambia aniachie hiyo kazi. Nikawa naamka alfajiri kwenda kioski kabla yake, na nikifika nakuta ameshajaza mtungi wake. Matonge mengine yalishika. Mengi yalikauka yakawa rangi ya chapati. Mimi nilikuwa naendelea vizuri, mashimo yangu yalikuwa yanaanza mbele ya mpira, membamba, yamenyooka, kocha mwenyewe angeyasifu. Hakuna siku nilipiga mpira safi nikaingia ndani nikala kwa raha.

Siku ya jumuiya mabenchi yaliazimwa. Akina mama walifika na leso zao mpya, wakasimama ukingoni mwa ua wakitazama. Jirani wa upande wa chini ndiye aliyeanza, nani tena.

"Eh, Mama Kedi! Ulituambia tuvue viatu. Tukivua, tukanyage nini?"

"Ngiri waliingia kwako?" mwingine akauliza, na wengi wakaanza kucheka, kwa sababu ngiri akila nyasi hupiga magoti na kuchimba kwa pua, na ua wetu ulifanana na karamu yake kabisa.

"Ngiri ni mmoja tu," mama akasema. "Ndiye huyo anawaletea chai."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mimi na sinia langu nilicheka pia, ungefanya nini? Maombi yalipoanza, wote wakiwa wameinamisha vichwa, nilimwona mama. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha nyasi nzima chini ya benchi lake, ukubwa wa sinia. Alikuwa amevua kiatu kimoja polepole, akaweka mguu wake pale. Amefumba macho. Sijui kama alikuwa anaomba.

Wiki hiyo hiyo nilienda Mombasa na chuma changu kimoja.

Uwanja wa kule ni kijani mpaka unajiuliza mvua ya nani inanyesha hapo. Tulikuwa vijana wengi, wengine na fimbo begi zima. Nikasimama kwenye mstari, nikaweka mpira juu ya nyasi, na mikono haikusita hata kidogo. Ta, pu. Ta, pu. Matonge yakaruka, mimi hata kuyatazama sikuyatazama. Kocha akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni kama kawaida yake.

"Nani amekufundisha kushuka hivyo?"

"Mama."

"Anacheza?"

"Hachezi. Ana jembe."

Alicheka, akidhani ni mzaha, akaandika. Nilichaguliwa.

Nikiwa natoka, nilimkuta mzee mmoja wa makamo, gambuti miguuni, ndoo ya mchanga mkononi, anajaza mashimo tuliyoacha. Alikuwa amefika kwenye mashimo yangu. Anainama, anamwaga, anakandamiza kwa kisigino, anasonga mbele.

"Pole, baba," nikamwambia.

"Pole ya nini, mwanangu? Piga tu. Ndiyo kazi."

Ndani ya basi, mji mzima wa Mariakani ukipita dirishani, sikuwa nafikiria kuchaguliwa. Nilikuwa nafikiria jinsi ilivyokuwa rahisi. Huruma yangu yote ile ilikuwa ni ya goti moja ninalolijua. La huyu mzee sikulijua, basi mikono yangu ikapita.

Nilikwenda kukaa Mombasa nikijifunza, na mama kwenye simu kila mara alisema nyasi zimefunga mashimo. Sikumwamini. Nilirudi Krismasi baada ya mvua za vuli, nikakuta ni kweli. Alikuwa ameokota vikonyo vingine jalalani, akaziba, na mvua ikamsaidia. Na jumuiya ilikuwa imekaa, safari hii chini, viatu vimepangwa kwenye kizingiti kama msikitini. Aliomba zamu ya mtu mwingine ili nikifika niwakute.

"Ngiri amerudi!" jirani akapaza sauti.

"Mleteeni chuma chake," mama akasema. "Piga, wakuone."

Nikaenda ndani, nikatoa kipande changu cha zamani cha kapeti, nikakitandika mbele ya nyasi, kwenye udongo mtupu. Mama akakitazama kama kitu kilichotapikwa na paka.

"Toa hiyo takataka. Nilikupeleka Mombasa ukapige kwenye kapeti?"

"Mama, zimependeza sana."

"Si ndio maana? Weka hapa." Akaonyesha kwa kidole cha mguu, kando ya miguu mitupu ya akina mama, ambao walikuwa wanasogea wakicheka na kushikilia leso zao.

Nikaweka. Nikapiga kama nilivyofundishwa, na mikono, naapa, ilitaka kukataa, nikailazimisha. Mpira ukaondoka. Tonge likaruka likatua mbele ya jirani yetu, naye akapiga ukemi kama ameona chura. Mama alinyanyuka kwa shida, akaliokota, akawaonyesha wote jinsi lilivyo jembamba.

"Mnaona? Mpira kwanza. Halafu ardhi," akasema, utadhani yeye ndiye kocha.

Akaja mpaka kwenye shimo, akaliweka tonge mahali pake. Akanishika bega ili asimame na goti lile bovu, akakandamiza kwa kisigino, akaniegemea, na uzito wake wote nikausikia begani.

"Sasa nenda ulete maji. Ya vyombo, usiniletee ya mfereji!"

Nilileta beseni zima. Nikamimina polepole, mpaka tone la mwisho, na bado niliona hayatoshi.