Kiti cha Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Shangazi alikipangusa kile kiti cha dirishani kwa mkono wa sweta yake, akaubonyeza mto wake kwa viganja viwili kama mtu anayejaribu godoro dukani, kisha akakigeuza kidogo kielekee mtaani. Yeye mwenyewe hakukikalia hata siku moja. Chai yake aliinywa karibu na mlango, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, viatu vikiwa tayari miguuni.

Mpwa wake, ambaye familia nzima ilimwita Kitabu kwa sababu ya kupenda kusoma na kutopenda kusema, aliliona jambo hilo mwezi mzima aliokaa pale akijiandaa kwa mitihani ya chuo. Hakuuliza. Kuuliza kulimchosha kuliko mitihani yenyewe.

Vyumba vile viwili vya ghorofa ya tatu vilikuwa vya kwanza ambavyo Shangazi alivifunga na kuvifungua kwa ufunguo wake mwenyewe, na alikuwa na miaka arobaini na minne. Miaka ishirini na miwili aliishi kwenye bweni la wafanyakazi wa hospitali, ambako kazi yake ilikuwa kufua na kushona mashuka. Kabla ya bweni aliishi kwa mama yake, Bibi yake Kitabu, fundi cherehani wa sare za shule. Nyumbani kwa Bibi kulikuwa na viti vinne: kimoja chake, kimoja cha mwanawe wa kiume, ambaye ndiye baba yake Kitabu, na viwili vya wateja. Binti alikaa chini, kwenye mkeka, pamoja na mabaki ya vitambaa. Siku alipohamia bwenini, kitanda chake kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine kabla jua halijatua.

Kwa hiyo alipopata vyumba vyake alipiga moyo konde: mama atakuja kuishi hapa, na ataketi.

Kila kitu alikitengeneza mwenyewe. Alikusanya mbao za paleti zilizotupwa nyuma ya maghala, akang'oa misumari, akazipiga msasa hadi vidole vikachubuka. Fundi seremala wa ghorofa ya chini alimtania kila alipomsikia akigonga.

"Dada, hiyo ni meza au unajenga daraja?"

"Ni meza, fundi. Tena haiyumbi kama zako."

"Haya. Ikianguka usinililie."

Haikuanguka. Lakini kiti ndicho kilichomtoa jasho. Bibi hakuwahi kuuamini utepe wa kupimia, alisema unavutika. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na uzi wake wenye mafundo, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti, na nyuzi zote ziliwekwa kwenye kopo la maziwa. Siku ya kuondoka, Shangazi alichukua uzi mmoja tu, wa mama yake. Kutoka kisiginoni hadi nyuma ya goti, fundo kwa fundo, ndivyo alivyokata miguu ya kile kiti. Hakupunguza wala kuongeza hata unene wa ukucha.

Basi akaanza kumsubiri. Mvua zilipoanza alitundika mapazia mazito ya buluu na kusuka zulia la matambara la kufutia tope. "Mvua zikiisha nitakuja," Bibi alisema kwenye simu. Baridi ilipoingia aliivalisha mito foronya za sufu alizofuma kwa mkono. "Baridi ikipungua, mwanangu. Magoti haya." Shangazi alicheka alipokata simu. Magoti ya Bibi yalikuwa kisingizio cha familia tangu zamani. Yalimuuma siku za kutembelea watu asiowapenda, yakapona siku ya harusi. Joto lilipofika akatundika mapazia meupe mepesi, akavua foronya za sufu, akasimamisha nyasi kavu kwenye chupa aliyoizungushia kamba. Ndipo simu ikalia: "Jumamosi."

Jumamosi hiyo baba yake Kitabu aliegesha gari mbele ya mlango na hakulizima. Alimteremsha Bibi, kisha mkoba wa safari, ule mkubwa wa zipu. Shangazi alipouona uso ulimchanua kama wa bibi harusi.

"Lete, lete hapa! Huu naubeba mimi."

Wakapanda taratibu, Bibi amemshika Kitabu bega. Ghorofa ya pili Shangazi alisimama, akauhamishia mkoba mkono wa pili, akasimama tena kidogo. Halafu akaendelea kupanda, akauweka nyuma ya mlango.

Bibi alikagua vyumba kama anayemkagua mwanafunzi wake. Alipindua pindo la pazia, akalipitisha vidoleni. "Mshono umenyooka," alisema. Kitabu alimwona Shangazi akiyameza maneno yale mawili kama mtu aliyeshinda njaa. Kisha Bibi akaketi dirishani. Nyayo zake zilitua sakafuni zote, sawasawa.

"Ulinipima lini wewe?"

"Kwa uzi wako, mama. Ninao mpaka leo."

Bibi akaguna, akanywa chai, akatazama mtaani. Chini, honi ikalia mara mbili.

Alipotaka kuinuka hakuweza. Alijaribu tena, akijisukuma kwa mikono kwenye mbao. Mara ya tatu kikombe kilipinduka, chai ikauloanisha mto. Shangazi alimkimbilia, akamshika makwapani.

"Niache! Mimi si maiti." Walipomwinua hatimaye alikuwa anahema. "Kiti gani hiki? Umenichongea kiti cha chekechea! Kwa mdogo wako kuna cha plastiki, kirefu, nainuka mwenyewe. Hapa siwezi kukaa, mwanangu. Unaona mwenyewe."

"Naona, mama."

Baba yake Kitabu alikuwa amepanda kuona kunani. "Dada na wewe! Si ungenunua kochi tu kama watu?" Akacheka, akaunyakua mkoba kwa vidole viwili. Wakashuka.

Jioni fundi seremala, aliyesikia yote kwenye ngazi, alileta vipande vinne vya mbao, vimekatwa vizuri na kutobolewa. "Weka chini ya miguu, dada. Dakika kumi tu, kiti kinapanda. Kesho unampigia simu mama." Hakutania. Shangazi alimshukuru, akamrudishia vyote vinne.

Asubuhi Kitabu alipoamka alimkuta Shangazi ameketi kwenye kiti cha dirishani, juu ya doa la chai, anakunywa chai yake. Mapazia meupe alikuwa ameyatoa na kuyakunja. Jua liliingia kali hadi ukutani.

Kitabu alisimama mlangoni, akakusanya ujasiri wa mwezi mzima.

"Shangazi, kwa nini umezikataa zile mbao?"

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Kwa sababu mkoba niliubeba mimi. Haukuwa na kitu."