Majani Yapite, Sombe Ibaki

Mama yangu aliuza sombe Bukavu tangu nikiwa mgongoni mwake. Nikisema sombe nasema majani ya muhogo yaliyotwangwa, mabichi bado, tayari kuingia kwenye sufuria. Wengine wanaita kisamvu. Majani aliletewa kutoka Gitambi na Nkungu kabla jua halijawa kali, akayaosha, akayapeleka kwenye mashine iliyo nyuma ya soko la Kamembe, yakatoka yamelainika. Akajaza beseni, akafunika kwa nailoni, akashuka nalo hadi darajani, akavuka mto Ruzizi, mpaka wetu wa Rwanda na Kongo. Ng'ambo wateja walikuwa wanamsubiri, kwa sababu mwanamke wa Bukavu anayerudi nyumbani kutoka kazini hana muda wa kutwanga. Kazi ni hiyo, na ndiyo iliyonisomesha mpaka nikawa mwalimu.

Sombe haisubiri mtu. Ikifika alasiri haijauzwa inapata joto ndani yake, inaanza kuchacha, na hapo hata kuku wanaipita. Kwa hiyo kilichomnyima mama usingizi miaka yote hiyo hakikuwa mvua wala bei ya majani. Kilikuwa mtu aliyekaa darajani siku hiyo.

Kulikuwa na afisa aliyetazama beseni, akasema hii ni mboga, pita. Aliyempokea zamu alitazama beseni lilelile akasema hiki ni kitu kilichopita mashineni, karatasi yake iko wapi. Wa tatu alitoa bakuli chini ya meza akangoja lijazwe. Mama alijua sura zao na siku zao. Wengine aliwaita mwana wangu, wengine aliwaita Chef, na wengine aliwachekea utani usiochekesha. Niliwahi kusimama nyuma yake kwenye foleni nikamsikia anavyocheka, nikaona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, na hasira hiyo haijanitoka hadi leo.

Ndipo tukasikia habari za mazungumzo. Nchi nyingi, tajiri na maskini, zilikuwa zimekaa miaka mingi huko Ulaya zikijadili namna ya kurahisisha mambo ya forodha kwa nchi zinazoendelea: karatasi zipungue, mizigo isicheleweshwe mipakani, sheria ziwe wazi kwa kila mtu. Sasa ujumbe wao ungefika wilayani kwetu, Rusizi, kuwasikiliza wafanyabiashara wadogo. Kikundi cha akina mama wa darajani kikamchagua mama azungumze. Mimi niliombwa kutafsiri, kwa kuwa nafundisha Kifaransa.

Sijawahi kumwona mama akifurahi vile kwa jambo lisilo harusi. Siku ya kuamkia mkutano alipika sombe sufuria nzima, akaweka mawese, karanga na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaifunga kwa kitenge ili joto lisitoke. Nilimwambia mkutano uko hotelini, kuna wapishi, wageni watapewa chakula.

"Ile ni chakula ya hoteli," akasema. "Mugeni anakuya mupaka kwetu, halafu arudie bila kuonja kitu yetu? Mutu akishakula chakula yako, hawezi kukukatalia."

Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyonilea. Sikubishana naye.

Hoteli ilikuwa juu ya ziwa. Wageni walifunga mapazia ili picha zao zionekane ukutani, tukakaa gizani mchana kweupe. Asubuhi yote walizungumza wao kwa wao. Kulikuwa na michoro ya mishale kutoka kisanduku hiki kwenda kisanduku kile, na mishale ilipungua kadiri walivyoendelea, wakapongezana. Akina mama wa darajani walikaa safu ya nyuma na vitenge vyao vya Jumapili. Mama alipewa nafasi ya mwisho kabla ya chakula, wakati watu wameanza kutazama mlango.

Alisimama, hakusoma popote.

"Mimi niko nauzisha sombe," akasema. "Kama niko nabeba mayani, banasema pita. Kama niko nabeba sombe, leo banasema pita, kesho banasema simama. Ni mayani yaleyale. Hakuna kitu nimeweka ndani. Mimi siombi kupita bure. Naomba tu nijue. Museme sombe ni mboga, iandikwe, iishe."

Nilitafsiri kila neno. Mkuu wa ujumbe, mzee mpole mwenye mvi, alisema hiyo ndiyo sauti waliyokuja kuisikia. Wakapiga makofi, na baadhi yao walipiga wakiwa wamesimama. Mtaalamu mmoja kijana, mwenye kompyuta mapajani, alinitaka nirudie neno sombe herufi kwa herufi. Moyoni nikasema, leo mambo yamekaa sawa.

Chakula kilipoandaliwa mama alifungua sufuria yake mwenyewe mwishoni mwa meza. Walikula. Walisifu. Yule mtaalamu kijana alirudi mara ya pili na sahani, akauliza ndani yake kuna nini. Mama, kwa fahari ya mpishi, alimtajia yote, na mimi nikatafsiri: majani ya muhogo, mawese, karanga, ndagala, vitunguu. Akaandika huku amesimama, sahani mkono mmoja. Mama alinikonyeza kama msichana.

Miezi ikapita. Darajani likafunguliwa dirisha jipya la wafanyabiashara wadogo, limepakwa rangi, limewekewa kibao kikubwa cha lugha nne. Kulikuwa na muziki na hotuba. Nchi zetu zilikuwa zimekubaliana, zikisaidiwa na wale wageni, kwamba bidhaa za akina mama zipite kwa utaratibu rahisi. Kesho yake alfajiri mama alikuwa wa kwanza pale, na beseni lake kichwani.

Dirishani alikaa msichana mpya, mstaarabu, aliyempokea kwa heshima zote. Hakuwa na bakuli chini ya meza. Alifunua nailoni, akatazama orodha ya bidhaa iliyokuwa mbele yake, akatazama tena beseni.

"Maman, mayani mabichi yanapita bila kitu," akasema. "Lakini hii ni sombe. Sombe imewekwa kwa chakula kilichotayarishwa. Inaomba karatasi ya ubora kutoka Kigali, kila muzigo na karatasi yake."

"Jana ilikuwa mboga," mama akasema.

"Jana hatukujua pa kuiweka, Maman. Sasa tunajua."

Mama alirudi nalo Kamembe. Akagawa majirani mpaka akakosa wa kumpa, na iliyobaki ikachacha jioni ileile, nikaenda kuimwaga mimi. Nilimwaga nikitukana, na simtaki radhi mtu. Tulikuwa tumeomba jambo lieleweke. Likaeleweka, kwa ustadi mkubwa, dhidi yetu.

Nilichukua ruhusa shuleni nikapanda basi, nikavuka msitu wa Nyungwe kwenda Kigali kuuliza karatasi hiyo. Karani alinipokea vizuri, maana siku hizi wote wanatupokea vizuri. Akaniambia nilete sampuli ikiwa bado mpya, na majibu yatatoka baada ya siku kadhaa. Nikamweleza kwamba ikianza safari Rusizi itafika hapo imekwisha kuoza, na kwamba hata ikifika salama, mzigo wenyewe utakuwa umeoza ukingoja majibu. Akasema ananielewa kabisa. Nilirudi na basi la mchana, na kwa hasira msitu ule sikuuona hata kidogo.

Mama hakulia wala hakuenda kulalamika. Alifanya kile walichomruhusu. Akaanza kuvusha majani mabichi, na ng'ambo, kwenye ua wa mteja wake wa zamani, akaweka kinu na mchi. Mashine zipo Bukavu, lakini umeme unakuja unapotaka wenyewe, na wateja wanataka sombe asubuhi. Kwa hiyo mwanamke mwenye wajukuu, aliyekuwa ameachana na kinu tangu mashine ya kwanza iingie Kamembe, alirudi kutwanga kwa mikono. Akina mama wengine wakafuata. Ua ukawa na vinu vingi, na ukipita barabarani unasikia mchi baada ya mchi tangu asubuhi. Beseni moja la mashine lilimchukua muda wa kunywa chai. Sasa nusu ya beseni ilimchukua asubuhi nzima.

Likizo moja nikapigiwa simu. Yule mtaalamu kijana amerudi, anataka kuona matokeo, anamkumbuka mama na anahitaji mkalimani. Nikampeleka mwenyewe hadi uani. Alifurahi mno. Alipiga picha vinu, alipiga picha mikono, akasema ni utamaduni mzuri. Kisha akanieleza kwamba majani mabichi yanavuka daraja kwa wingi kuliko wakati wowote, yanavuka haraka, bila rushwa, na mpaka wetu unatajwa kwenye vikao kuwa mfano. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mfano anaousema ni mama.

Nikamwambia yote. Nikamwambia hiki unachokipiga picha ni adhabu. Nikamwambia mama alisimama mbele yenu akaomba neno moja, mboga, mkapiga makofi.

Akashangaa kweli, na huo mshangao wake ndio uliniumiza zaidi.

"Lakini, madamu, tuliionja," akasema. "Ilikuwa na mafuta, karanga, samaki. Mimi mwenyewe niliandika viungo vyake. Tusingeweza kuiita mboga."

"Ile ilikuwa ya wageni," nikasema. "Ile si ya kuuza. Aliwapikia kwa sababu mlikuwa wageni wake."

Akasema kwamba jambo hilo linaweza kurekebishwa, lakini lazima lipelekwe kwenye duru nyingine ya mazungumzo, na nchi zote zikubali. Nikauliza itakuwa lini. Akafungua mikono yake kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu.

Mama alikuwa ameacha kutwanga, anatusikiliza bila kuelewa lugha. Akanivuta upindo wa nguo.

"Anasema nini?"

Hapo nilishindwa. Nilikuwa nimewatafsiria watu hawa kila kitu kwa uaminifu, lakini kumwambia kwamba ni chakula chake alichowakirimu ndicho kilichoandikwa dhidi yake, sikuweza. Nikamwambia: "Anasema mambo yamekuwa rahisi."

Mama akamtazama kijana yule, si kwa chuki.

"Rahisi kwa nani?" akauliza.

Hilo nilimtafsiria kijana. Akatabasamu kwa adabu, akatazama saa, akasema gari linamngoja. Asubuhi iliyofuata nilimfunga mama kitambaa kichwani, kama ninavyofanya kila siku tangu mkono wake wa kulia ulipokataa kupanda juu ya bega, kisha akabeba majani yake akashuka darajani, wakampitisha mara moja.