Vikonyo Nilivyovinyofoa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka uso hunishuka. Nilikuwa kijana, huku milimani juu ya jiji la Mbeya, na maparachichi niliyoyavuna kwa mikono yangu yalikuwa yameoza ghalani, kreti baada ya kreti. Juma lililotangulia jirani yetu, Mama Subi, alipita akayasifu. Kwangu hilo lilitosha. Nikatangaza bombani, mbele ya wachota maji, kwamba ana kijicho cha kichawi, na asubuhi ile nilikuwa nafunga viatu niende kumshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mjane asiye na mtetezi. Neno langu lingeweza kumfukuzisha kijijini.

Shangazi yangu alinizuia mlangoni. Akanipa kisu, akasema kabla sijaenda kumpasua jirani nipasue kwanza parachichi. Nikapasua moja, la pili, la kumi. Yote yalikuwa meusi kuanzia juu, weusi ukishuka kuelekea kokwa.

"Vikonyo viko wapi?" akauliza.

"Nilivuna kwa kuvuta, shangazi. Vilinyofoka."

"Basi huyo mchawi ana mikono kama yako."

Kisha akanionyesha machache aliyoyakata yeye kwa mkasi, siku ile ile niliyovuna mimi, akiacha kikonyo kifupi. Yalikuwa mazima. Nyani haoni kundule.

Nilikwenda kwa Mama Subi, lakini kuungama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata yangu yameoza, mwanangu. Nami nilikuwa nakushuku wewe."

Mwanangu, leo una simu na shahada, na bado nasikia mkimtafuta mtu wa kulaumiwa kila tunda linapooza. Nakataa lawama hizo. Wapo waliokasirika nilipoyasema haya, wakaniona nimepotea, na waendelee kukasirika. Ukungu unaoozesha matunda hauna kinyongo na mtu: huingia palipo na jeraha, hujificha, na tunda likilainika ndipo hujionyesha. Kata kwa mkasi safi. Usivune penye umande wala mvua. Usilaze tunda chini kwenye udongo. Osha kreti, uzianike juani, na lililoanza kuoza litoe siku hiyo hiyo ukalifukie mbali na shamba. Na atakayekuletea jina la jirani badala ya kisu cha kupasulia, mfukuze, hata akiwa mkubwa wako.

Mungu akujalie mkono mpole kwenye mti, jicho lisiloogopa kuona, na jirani utakayeweza kumtazama usoni.