Utabiri Ambao Sikuusoma

Kwa miaka kadhaa nimesoma hali ya hewa katika kituo kidogo cha televisheni pale Same mjini. Kazi yenyewe si ya ajabu. Taarifa inakuja kutoka mamlaka ya hali ya hewa, naigeuza iwe maneno ya watu wa kawaida, najipaka poda, nasimama mbele ya kitambaa cha kijani na kuonyesha kwa mkono ramani ambayo haipo. Same kwenyewe mara nyingi ni jua na vumbi. Mvua ninayoitangaza ni ya watu wa milimani.

Msimu mmoja wa masika niliugua malaria. Wiki hiyohiyo transfoma ya mtaa wetu ikaungua, kituo kikazima kabisa. Nilikuwa nyumbani natetemeka chini ya blanketi, huku mawingu yameikalia milima hata vilele havionekani. Nilipopata nafuu tukasikia kwamba huko Myamba, kijiji cha milimani, ardhi imeporomoka, imefukia nyumba na mashamba ya tangawizi, ila hakuna aliyekufa. Mkuu wa kituo akanituma na mpiga picha tukachukue habari.

Tulipofika, mama mmoja wa makamo alitoka kwenye ua wa kanisa la Kilutheri, walikojihifadhi wanakijiji, akanijia moja kwa moja. Nikamwamkia. Badala ya kuitikia akanishika mikono yote miwili.

“Ahsante, mwanangu,” akasema. “Usingetuambia tutoke, tungekuwa chini ya ule udongo.”

Nikamweleza kwamba nilikuwa mgonjwa, na kituo hakikuwa na umeme. Alinisikiliza kwa upole, kama anavyosikilizwa mtu mwenye homa. Halafu akawaita majirani. Walisema waliniona jioni, kabla ardhi haijaporomoka, kwenye televisheni ya duka linalotumia sola. Nilisimama bila ramani nyuma yangu. Nywele zangu zilikuwa zimelowa. Nilisema mlima utashuka, waende kanisani, nikarudia, kisha picha ikakatika. Wakabeba watoto, wakaswaga mbuzi, wakaenda.

Nikauliza, angalau nipate pa kushika, nilitumia maneno gani hasa. Mama akayatamka. Yalikuwa ya Chasu, lugha ya watu wa milima ile, tena Chasu cha hukohuko juu.

Mimi ni mtu wa Ngujini. Kwetu tunaongea Kigweno, lugha nyingine kabisa. Chasu sijui zaidi ya salamu.

Mpiga picha akazima kamera bila kuambiwa.

“Basi mama, hakuwa mimi,” nikasema.

Akanitazama usoni. “Alikuwa na sura yako,” akasema, akaenda kunitafutia tangawizi ya kubeba.

Mkuu wa kituo aliposikia alisema watu wakishikwa na hofu huchanganya siku, na pengine waliota kwa pamoja yale waliyokuwa wanayaogopa. Nilitaka sana kumwamini. Lakini tangu hapo naiogopa ile skrini ya studio inayonionyesha ninavyoonekana hewani. Kabla sijafungua mdomo namtazama kwanza yule aliyemo, nione kama amenyamaza.

Masika yaliyofuata nilikuwa likizo kwa wazazi wangu Ngujini. Asubuhi moja simu ikaita. Alikuwa yule mama wa Myamba, namba yangu alipewa kituoni. Tukasalimiana, shikamoo na marahaba.

“Jana ulisimama tu,” akasema. “Ulitutazama, hukusema kitu. Tufanye nini?”

Nilitaka kumwambia kwamba siko kazini, kwamba anayesoma kwa sasa ni mwanaume mwenye ndevu. Nje mvua ilikuwa inapiga migomba, na mama yangu mzazi alikuwa ameacha kumenya ndizi, ananiangalia.

“Tokeni,” nikamwambia.

Walitoka, wakakaa kanisani hadi Jumapili. Mlima haukushuka. Walirudi makwao baada ya ibada, wala hakuna aliyenilaumu. Nilipompigia kumjulia hali, yule mama wa Myamba aliniambia tu kwamba siku ile, tulipomaliza kuongea, alikwenda dukani wakawasha televisheni, akanikuta nimeshawapa mgongo, ninaondoka, kama mtu aliyekwisha kupokewa zamu.